Magongo

Baba aliteleza juu ya mabibo,
mabibo yaleyale aliyokuwa akiyanywa tangu alasiri.
Alianguka kwa ubavu, taratibu,
kama gunia lililochoka kusimama,
na nyonga ikalia ka,
sauti ya korosho chini ya rungu.

Tulimteremsha Ndanda kwa gari la chama cha msingi,
amelala juu ya magunia ya daraja la kwanza.
Dereva akasema, leo tumebeba mali.
Baba alicheka. Ni yeye tu aliyecheka.

Nesi aliuliza: anakunywa?
Nikasema: kidogo. Sikukuu.
Kalamu yake ikasubiri. Nikatazama dari.
Hivyo ndivyo nilivyolinda heshima ya ukoo wa Liponda
kwa siku mbili na nusu.

Usiku wa tatu mikono ikaanza kutwanga bila mchi.
Akaona siafu kwenye shuka.
Akaniita kwa jina la marehemu mama,
akaniamuru nimfungulie mlango, anachelewa shamba.
Mgonjwa wa kitanda cha pili akasoma dua.
Wa dirishani akasema ni majini ya Ruvuma, anayajua.
Nesi hakukemea pepo. Alinishika bega:
"Dada Somoe, sasa niambie kweli. Kiasi gani?"

Nikahesabu kwa vidole.
Uraka asubuhi, kama wenzake wanywavyo uji.
Mchana uraka.
Jioni gongo, chupa ya soda mbili, tatu, korosho zikilipa;
zisipolipa, kwa mkopo.
Tangu mama afe.
Hapana. Tangu kabla.
Aliandika yote. Hakunisuta.
Kisu kikangoja mwili umalize ugomvi wake.

Ndipo wakamtia chuma, wakamletea magongo.
Akayatazama, akacheka mara ya pili:
"Gongo moja liliniangusha.
Haya mawili si yatanizika?"

Kupanda, mguu mzima utangulie.
Kushuka, mgonjwa utangulie.
Kijana wa mazoezi alimkaririsha
mpaka akawa anausema usingizini.

Nyumbani Kitangari tulihesabu wote wawili.
Januari: kitandani hadi mlangoni, hatua tisa na matusi.
Machi: hadi chooni.
Mei: hadi mkorosho wa mpakani; akakaa,
ikabidi niite watu wawili tumwinue.
Julai aliweka gongo moja juu ya dari,
akabaki na moja.
Nami niliyepigia vigelegele kila hatua
nilikuwa na hesabu nyingine, sikumtajia:
kwa Binti Nandonde ni hatua mia tatu na kumi.
Kadiri mfupa ulivyounga, kilabu kilisogea.

Majirani walileta pole zao ndani ya vichupa.
"Ya kukandia," walisema, wakikonyeza.
Nikakandia kweli. Goti langu,
mbele yao, mpaka tone la mwisho.

Oktoba mabibo yakarudi.
Hewa yote ya kijiji ikachacha;
hata nguo kwenye kamba zilinuka sherehe.
Siku moja natoka bombani, kitanda kitupu.
Nikatua ndoo, nikafuata mchangani:
kitundu, unyayo, unyayo,
kitundu, unyayo, unyayo,
mpaka njia panda.
Hapo vitundu vilikuwa vingi, vya kina,
vimerundikana mahali pamoja,
vya mtu aliyesimama muda mrefu akiegemea.
Mbele yake mbuzi walikwishapita. Sikuona kitu.
Na mimi nikasimama.

Nilimkuta uani.
Amerudi kwa njia ya nyuma, anamenya ming'oko,
shati limemganda mgongoni.
Sikuuliza.
Aliinua kichwa, akaachama
kama mtoto anayekaguliwa meno.
"Nusa," akasema.

Nikainama.
Tumbaku. Ming'oko.
Leo.